Ronald Ngala: Mwalimu wa Gotani aliyevunja chama chake mwenyewe

KILA siku maelfu ya watu hupanda na kushuka matatu katika Barabara ya Ronald Ngala, katikati mwa jiji la Nairobi. Wachuuzi hutandaza bidhaa zao, makondakta hunadi safari za mitaa ya mashariki, na jina la barabara hiyo hutajwa mara nyingi kuliko jina la waziri yeyote aliye ofisini. Lakini ni wachache kati ya wanaolitaja ambao wanaweza kueleza mwenye jina hilo alikuwa nani, alitoka wapi na alitetea jambo gani.

Katika vijiji vya Kaloleni, Ganze na Magarini, hali ni tofauti. Huko jina la Ngala bado huzusha mjadala. Wapo wazee wanaomkumbuka kama mtu aliyewapa Wamijikenda sauti kwa mara ya kwanza katika meza ya watawala. Wapo pia wanaonung'unika kwamba siku aliyovunja chama chake, Novemba 1964, alivunja pamoja nacho tumaini la watu wa Pwani kujiamulia mambo yao. Mjadala huo haujafikia mwisho, ingawa mwenyewe alizikwa zaidi ya nusu karne iliyopita.

Ronald Gideon Ngala alizaliwa mwaka wa 1923 huko Gotani, eneo la Kaloleni, katika iliyokuwa Wilaya ya Kilifi. Alikuwa Mgiriama, na alizaliwa katika jamii iliyokuwa ikiuguza majeraha mabichi. Miaka tisa tu kabla ya kuzaliwa kwake, mnamo 1914, Waingereza waliilipua Kaya Fungo, kitovu cha ibada na utawala wa Wagiriama, wakachoma nyumba na kuwafukuza watu kutoka mashamba yao ya kaskazini mwa mto Sabaki. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewahamasisha watu wake wakatae kutoa vijana na kodi, alikuwa amekamatwa na kupelekwa uhamishoni Kisii.

Kwa hivyo mtoto wa Gotani alikua akisikia habari za vita vilivyopiganwa na kizazi cha wazazi wake, na za ardhi iliyopotea. Ardhi hiyo ilikuwa ikipotea kwa njia nyingine pia, isiyo na moshi wa bunduki. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908 ilikuwa imewataka watu wa ukanda wa pwani wathibitishe umiliki wao. Wengi wa Wamijikenda, ambao ardhi kwao ilikuwa mali ya ukoo na haikuandikwa popote, hawakupata hati yoyote. Walibaki kuitwa maskwota katika maeneo waliyolima, kuanzia viunga vya Mombasa hadi Malindi.

Silaha ya kizazi cha Ngala ilikuwa kalamu. Alisoma katika shule ya misheni ya Kaloleni, kisha Shimo la Tewa, halafu akapata nafasi katika Shule ya Upili ya Alliance iliyoko Kikuyu. Kwa kijana wa Kigiriama wa siku hizo, safari ya kutoka Kaloleni hadi Kikuyu ilikuwa sawa na kwenda nchi ya kigeni, kwa baridi yake, lugha zake na chakula chake. Kutoka Alliance alijiunga na Chuo cha Makerere, Kampala.

Inafaa kukumbuka jinsi mlango huo ulivyokuwa mwembamba. Makerere, iliyoanzishwa mwaka wa 1922, ndiyo iliyokuwa taasisi ya pekee ya elimu ya juu kwa Waafrika wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ilianza kutoa digrii baada tu ya kuunganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka wa 1949. Wale waliopita kabla ya hapo, akiwemo Ngala na kijana mwingine wa rika lake kutoka Butiama aliyeitwa Julius Nyerere, walitoka na stashahada ya ualimu. Leo karatasi hiyo ingeonekana ndogo. Wakati huo, aliyekuwa nayo alihesabiwa miongoni mwa wasomi wakubwa kabisa wa nchi yake.

Ngala alirudi Pwani na kushika chaki. Alifundisha Kaloleni, akafundisha Taita, kisha akawa mwalimu mkuu wa Shule ya Buxton mjini Mombasa na baadaye msimamizi wa shule. Alikuwa pia mwandishi. Mwaka wa 1949 shirika la Eagle Press lilichapisha kitabu chake cha Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama. Hatua hiyo haikuwa ndogo. Mpaka wakati huo, sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu Wagiriama ilitoka kwa maafisa wa serikali na wamishonari. Sasa Mgiriama mwenyewe, mwenye umri wa miaka 26 hivi, alikuwa amekaa chini kuwaeleza watu wake katika lugha inayosomwa pwani nzima.

Kama angalitosheka na hapo, maisha yake yangalikuwa kama ya wahitimu wengi wa wakati huo: mshahara wa serikali, nyumba ya bati, baiskeli au hata gari, watoto shuleni, na heshima kanisani na barazani. Lakini miaka ya 1950 haikuwaacha walimu watulie. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, viongozi wa Kenya African Union wakafungwa, na chama hicho kikapigwa marufuku. Pengo liliachwa wazi, na waliokuwa na elimu ya kulijaza walikuwa wale wale walimu.

Ngala aliingia kwanza katika siasa za baraza la manispaa la Mombasa. Kisha ukaja Machi 1957, wakati Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Uchaguzi huo haukuwa wa kila mtu. Mpiga kura alipimwa kwa elimu, mapato, mali na utumishi wake, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu. Waafrika wanane walichaguliwa kote nchini. Ngala aliibuka mshindi wa Pwani.

Wenzake walikuwa Tom Mboya wa Nairobi, Jaramogi Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, Masinde Muliro wa Nyanza Kaskazini, Lawrence Oguda wa Nyanza Kusini, Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa, Bernard Mate wa Mkoa wa Kati na James Muimi wa Ukambani. Ukiitazama orodha hiyo utaona darasa zima la walimu. Odinga alikuwa amepitia Alliance na Makerere na kufundisha Maseno. Muliro alirudi na digrii kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town. Moi alikuwa mwalimu wa Baringo. Wanane hao walikataa nyadhifa za uwaziri walizopewa na kudai viti zaidi vya Waafrika, na Waingereza wakalazimika kuibadilisha katiba.

Ngala hakuwa na makeke ya Mboya wala ukali wa Odinga. Alikuwa mtu wa kupatanisha. Hiyo ndiyo sababu, wajumbe Waafrika walipokuwa wakijiandaa kwa mkutano wa kwanza wa katiba katika jumba la Lancaster House, London, Januari 1960, na mafahali hao wawili wakakataa kuongozwa mmoja na mwenzake, walimchagua yeye kuwa kiongozi wa ujumbe na Mboya akawa katibu. Mwalimu wa Gotani aliketi mbele ya Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, akiwa msemaji wa Waafrika wote wa Kenya. Mkutano huo ndio uliokubali kwamba Kenya itatawaliwa na Waafrika walio wengi.

Umoja huo haukudumu hata miezi sita. Viongozi walipokutana Kiambu mwaka huo kuunda chama cha Kenya African National Union, KANU, Ngala alichaguliwa mweka hazina na Moi msaidizi wake, wote wawili wakiwa nje ya nchi. Walizikataa nafasi hizo. Waliona kwamba chama kimekwisha kugawanywa kati ya jamii kubwa, na wao wameitwa kuja kushika mkoba. Mnamo Juni 25, 1960, katika mkutano wa Ngong, vyama vya Wakalenjin, Wamaasai, Waluhya wa kundi la Muliro, Wasomali na watu wa Pwani viliungana kuunda Kenya African Democratic Union, KADU. Ngala akawa rais wa chama, Muliro naibu wake, Moi mwenyekiti, Justus ole Tipis mweka hazina na Martin Shikuku katibu mkuu.

Wengi wamezoea kuieleza KADU kama chama cha ukabila kilichochongwa na walowezi. Ni kweli kwamba baadhi ya Wazungu walikiunga mkono, na kwamba kilipendeza machoni pa wale walioiogopa KANU. Lakini chanzo chake kilikuwa pia katika sheria za wakoloni wenyewe. Vyama viliporuhusiwa tena mwaka wa 1955, viliruhusiwa katika ngazi ya wilaya pekee. Kwa miaka mitano kila kiongozi alijenga ngome yake nyumbani. Haikushangaza kwamba siku ya kuungana ilipofika, kila mmoja alikuja na watu wake na hofu zao.

Hofu ya Pwani ilikuwa ardhi na kazi. Wamijikenda waliwaona watu wa bara wakichukua nafasi bandarini na katika ofisi, na walijiuliza ni nani atakayegawa mashamba Mzungu akiondoka.

Jaribio kubwa la kwanza la Ngala lilikuja baada ya uchaguzi wa Februari 1961. KANU ilipata viti 19, KADU 11. KANU ilikataa kuunda serikali kabla Jomo Kenyatta hajaachiliwa. Gavana Patrick Renison akamgeukia Ngala, naye, baada ya mazungumzo marefu, akakubali na kuwa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Wapinzani wake walimwita msaliti aliyepanda kiti kilichokuwa cha mfungwa. Yeye aliamini kwamba serikali ya Waafrika, hata iwe ndogo, ingeharakisha kufunguliwa kwa Kenyatta. Kenyatta aliachiliwa Agosti mwaka huo, Ngala akiwa bado kiongozi wa serikali. Lakini Kenyatta alijiunga na KANU, na tangu siku hiyo KADU ilikuwa ikipanda mlima.

Wakati huo huo moto mwingine uliwaka nyumbani kwake. Ukanda wa maili 10 kutoka baharini, wenye miji ya Mombasa, Kilifi, Malindi na Lamu, ulikuwa kisheria milki ya Sultani wa Zanzibar, ukisimamiwa na Waingereza kwa mkataba wa 1895. Vuguvugu la Mwambao lilidai ukanda huo ujitawale au urudi Zanzibar. Wengi wa waungaji mkono wake walikuwa Waarabu na Waswahili wa mijini waliohofia kumezwa na bara.

Ngala alipinga. Kwa Mgiriama, bendera ya Sultani ilikumbusha enzi za watumwa na mashamba makubwa ya Malindi yaliyolimwa kwa mikono ya watumwa hao. Alitaka Pwani yote, ya mjini na ya nyika, iwe kitu kimoja ndani ya Kenya, lakini iwe na serikali yake. Tume ya James Robertson iliyotumwa mwaka wa 1961 ilipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, na makubaliano ya mwisho kati ya serikali za Kenya na Zanzibar yalifikiwa Oktoba 1963. Jambo hilo halikuwapendeza wote, na kinyongo chake hakijatoweka kabisa katika mitaa ya zamani ya Mombasa na Malindi.

Jibu la Ngala kwa hofu zote hizi lilikuwa neno moja la Kiswahili, majimbo. Katika mkutano wa pili wa Lancaster House mwaka wa 1962, KADU ilisimama kidete hadi ikapata ilichotaka: mikoa saba yenye mabaraza yake ya kutunga sheria, mamlaka juu ya ardhi, na Seneti yenye wanachama 41. Iliundwa serikali ya mseto, Ngala na Kenyatta wakiwa mawaziri wa nchi wenye hadhi sawa, kila mmoja akihusika na masuala ya katiba.

Lakini katiba huhitaji mwenye nguvu wa kuilinda. Mei 1963 KANU ilishinda uchaguzi kwa kishindo. Ngala alichaguliwa mbunge wa Kilifi Kusini na kuwa Kiongozi wa Upinzani. Katika mkutano wa tatu wa London, Septemba na Oktoba 1963, serikali ya Kenyatta ilifaulu kupunguza mamlaka ya mikoa. Upande wa KADU ulitishia hata kuigawanya nchi, vitisho ambavyo havikutimia. Disemba 12, 1963, bendera ilipopandishwa, kiongozi wa upinzani alikuwa na katiba mkononi ambayo serikali haikukusudia kuitekeleza.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchungu. Mikoa ilinyimwa fedha na watumishi. Wabunge wa KADU walivuka upande wa pili mmoja baada ya mwingine, wengine kwa imani, wengine kwa matumaini ya vyeo na maendeleo ya maeneo yao. Kila aliyehama alimwachia Ngala kiti kitupu nyuma yake. Angeweza kuendelea kupiga kelele katika ukumbi uliokuwa ukimkimbia, au kufanya mapatano akiwa bado na kitu cha kupatania.

Novemba 10, 1964, Ngala alisimama bungeni na kutangaza kwamba KADU imevunjwa na wanachama wake wanajiunga na serikali. Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri yenye rais mwenye mamlaka makubwa. Seneti ilivunjwa mwaka wa 1966, na mabaraza ya mikoa yakaisha nguvu hadi yakatoweka.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala kuhusu maisha yake. Waliomlaumu walisema aliuza mapambano kwa kiti. Na ni kweli alipata kiti: mwaka wa 1966 aliteuliwa Waziri wa Vyama vya Ushirika na Huduma za Jamii, na katika mkutano wa KANU wa Limuru, Machi mwaka huo, akachaguliwa mmoja wa makamu wa rais wa chama, akiwakilisha Pwani. Baada ya uchaguzi wa 1969 alipewa Wizara ya Nguvu za Umeme na Mawasiliano. Lakini wanaomtetea hutazama jirani zetu na kuuliza ni mataifa mangapi ya Afrika ambamo upinzani wa namna hiyo uliishia msituni na bunduki begani. Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Ngala alikubali, na damu haikumwagika kwa ajili ya chama chake.

Gharama yake, hata hivyo, haikulipwa na yeye peke yake. Suala la ardhi ya Pwani liliingia katika jamhuri bila kutatuliwa. Skwota wa Kilifi na Malindi aliyetumaini kwamba baraza la mkoa wake lingempa hati aliendelea kuwa skwota, na wengi wa watoto na wajukuu wake wamerithi hali hiyo. Ukiwa waziri mmoja ndani ya baraza kubwa la mawaziri, unaweza kuomba shule, barabara na zahanati. Huwezi kuibadilisha sheria ya ardhi peke yako.

Disemba 1972, Ngala alipata ajali ya gari katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, karibu na Konza. Ilielezwa baadaye kwamba nyuki aliingia ndani ya gari na dereva akashindwa kulidhibiti. Waziri huyo alifariki siku ya Krismasi, Disemba 25, 1972, akiwa na umri wa miaka 49. Maelezo ya nyuki hayakuwaridhisha watu wengi wa Pwani, hasa kwa kuwa nchi ilikuwa bado na kidonda cha kuuawa kwa Mboya Julai 1969. Mpaka leo ukitaja nyuki katika mazungumzo ya siasa za Kilifi, wazee huguna. Lakini haujatokea ushahidi wa wazi wa kuonyesha kwamba ilikuwa vinginevyo. Alizikwa nyumbani, Vishakani, Kaloleni.

Wenzake wa mwaka wa 1957 walienda kila mmoja na njia yake. Moi, mwenyekiti wa KADU aliyekuwa chini yake, alikuwa Makamu wa Rais tangu 1967 na akaingia Ikulu mwaka wa 1978, ambako alikaa miaka 24. Odinga na Muliro waliishi wakaona vyama vingi vikirudi kabla ya vifo vyao, Muliro mwaka wa 1992 na Odinga mwaka wa 1994. Robert Matano, msomi mwingine wa Makerere kutoka Pwani aliyekuwa naye katika KADU, alipanda hadi kuwa katibu mkuu wa KANU. Haiwezekani kutojiuliza Ngala angefika wapi kama angeishi hadi zama za rafiki yake Moi.

Familia yake haikutoka ulingoni. Mwanawe, Noah Katana Ngala, alikuwa mbunge wa Ganze na waziri katika serikali ya Moi. Machi 2002, katika mkutano wa KANU wa Kasarani, alichaguliwa mmoja wa makamu wanne wa mwenyekiti wa chama, pamoja na Uhuru Kenyatta, Kalonzo Musyoka na Musalia Mudavadi. Mwana alikuwa amepata, katika chama alichokipinga babake, cheo kinachofanana na kile ambacho babake alikuwa nacho mwaka wa 1966.

Kisha historia ikageuka. Katiba mpya iliyoidhinishwa Agosti 2010 iliunda kaunti 47 na kuirudisha Seneti. Baada ya uchaguzi wa 2013, wilaya za zamani za Kilifi na Malindi zikawa kaunti moja yenye gavana, bunge na bajeti yake, makao makuu yakiwa mjini Kilifi. Hayakuwa majimbo kama yale ya 1962. Kaunti ni ndogo zaidi, na mamlaka ya ardhi yamebaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa tume na wizara ya kitaifa. Lakini wazo kwamba mtu wa Kilifi asilazimike kwenda Nairobi kuomba zahanati ni wazo ambalo Ngala alilitetea wakati lilipokuwa likiitwa usaliti.

Mwaka huo huo wa 2013, Pwani ilipata chuo kikuu kamili hapo hapo Kilifi mjini. Kijana wa Gotani mwenye alama nzuri halazimiki tena kuvuka hadi Kampala. Vipingo nako kuna chuo cha utalii kilichopewa jina la Ngala, ambacho ujenzi wake ulikumbwa na ucheleweshaji wa miaka mingi. Pengine ni mfano mzuri wa yale ambayo Pwani imekuwa ikipewa: jina kubwa langoni, na kazi isiyokwisha ndani.

Wahitimu wa leo hupimana kwa kazi, nyumba na magari walivyopata baada ya chuo. Kwa kipimo hicho Ngala alifaulu: mwalimu mkuu, mwandishi, mbunge, kiongozi wa serikali, waziri. Yeye mwenyewe, kwa jinsi alivyotumia miaka yake, alionekana kutumia kipimo kingine, nacho ni kama mtu wa Kaloleni au Magarini atalala katika shamba ambalo hakuna wa kumfukuza. Mtihani huo hakuumaliza. Aliuacha mezani, na wale wanaopewa kura za Kilifi kila baada ya miaka mitano ndio wanaopaswa kuujibu.